MZINGA NA NDEGE YA JETI: HESABU YA SEKUNDE ISHIRINI

Ndugu msomaji, kabla hujageuza ukurasa ukidhani hii ni makala ya vita na damu, ngoja kidogo. Hii ni makala ya hesabu, na lugha nayo imo ndani yake. Ilianza siku nilipobishana na mwanafunzi mwenzangu nje ya Ngomeni.

Ukifika Fort Jesus utaiona mizinga ya aina nyingi. Iko ile ya chuma ya kale, mifupi minene, na iko miwili mirefu ambayo si ya Wareno wala si ya Mazrui. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, na wa pili katika manowari ya Kiingereza, Pegasus. Königsberg iliizamisha Pegasus kule Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaenda kujificha katika mto Rufiji. Leo mizinga ya hao mahasimu wawili iko Mombasa pamoja, na watalii wanapiga picha.

Mwenzangu alisema, "Hii mizinga kazi yake ni meli tu. Ndege haiwezi." Mimi nikasema inaweza. Alikuwepo mzee mmoja ameketi kivulini, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza ugomvi ni wa nini. Tulipomweleza alicheka akasema, "Wanangu, nendeni mkasome, mtajua nyote wawili mna haki nusu nusu."

Basi nikaenda kusoma. Kumbe mzee alisema kweli. Tarehe 11 Julai 1915 Waingereza walipoishambulia Königsberg mtoni Rufiji, walituma ndege itazame kutoka juu risasi zinaangukia wapi, ili wapigaji warekebishe shabaha. Ndege hizo zilikuwa zikirukia kisiwa cha Mafia. Risasi za Königsberg ziliipata ndege hiyo injini ikaharibika, na hata ilipokuwa ikishuka yule aliyekuwa ndani pamoja na rubani aliendelea kutuma ishara mpaka wakaanguka majini. Wote wawili waliokolewa. Siku hiyo hiyo meli ikaharibiwa kabisa, na Wajerumani wakaichukua mizinga yake kumi kwenda kupigania nchi kavu.

Kwa hiyo mzinga wa meli uliweza kuipata ndege. Lakini ndege yenyewe ilikuwa ya mbao na kitambaa, ikienda pole pole na chini chini. Mwenzangu naye alikuwa na haki yake nusu, kwa kuwa mzinga huo haukutengenezwa kwa ajili ya ndege. Mizinga ya ndege ni jamaa nyingine, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza, hasa yaliyoipata baada ya mwaka 1945 ndege za jeti zilipoingia.

Kwanza neno. Mzinga kwa asili ni gogo lililochongwa tundu ndani, linatundikwa mtini nyuki waingie. Wazee wetu walipouona ule mtutu mrefu wenye tundu, wakauita mzinga, na sisi tunatumia hivyo mpaka leo. Rubani naye alikuwa mtu wa baharini anayeongoza jahazi kupita penye miamba, na Kilindini mpaka sasa meli haziingii bila rubani. Ndege zilipokuja akapanda juu. Na kutungua ni kuangusha kitu kilicho juu, kama embe. Basi "mzinga wa kutungulia ndege" ni maneno ya shamba na bahari yaliyopelekwa vitani. Wala hakuna hata moja tulilokopa Ulaya.

Sasa tuje kwenye hesabu. Umewahi kumpiga kunguru kwa manati? Hapa Mombasa kunguru hawana haya, pale Marikiti wanakunyang'anya samaki mkononi. Akiwa ametua, unamlenga yeye. Akiwa anaruka, ukimlenga yeye hutampata ng'o, maana jiwe likifika, yeye keshaondoka. Lazima ulenge mbele yake, mahali ambapo hayupo bado. Taabu yote ya mzinga wa ndege ni hiyo. Unapiga mahali patupu, ukitumaini kwamba ndege na risasi vitakutana hapo.

Mwalimu wetu wa Fizikia alinisaidia kuipanga hivi. Kisiwa chetu, kutoka Makupa mpaka Mama Ngina, ni kama kilometa 5. Ndege ya vita vya pili yenye mwendo wa kilometa 360 kwa saa inakwenda meta 100 kila sekunde, kwa hivyo inakivuka kisiwa kwa sekunde 50. Ndege ya jeti yenye mwendo wa kilometa 900 kwa saa inakwenda meta 250 kwa sekunde. Hiyo inakivuka kisiwa kwa sekunde 20. Hebu hesabu polepole moja mpaka ishirini uone. Hujamaliza hata kufunga kamba za viatu.

Tuweke sasa mzinga katikati ya kisiwa. Mzinga uliokuwa na sifa kuliko yote katika vita vya pili ni Bofors wa milimeta 40, uliobuniwa Uswidi katika miaka ya 1930. Karibu kila jeshi liliutumia, na hata maadui waliutumia wote. Ulitema kama risasi 120 kwa dakika, yaani 2 kila sekunde. Ndege ya zamani ikivuka kisiwa, unapata nafasi ya risasi 100. Ya jeti ikivuka, unapata 40. Mzinga ni ule ule na mpigaji ni yule yule, lakini zaidi ya nusu ya bahati yake imepotea.

Hiyo ndiyo mizinga myepesi. Ile mizito ilipata msiba mkubwa zaidi. Waingereza walikuwa na mzinga wa inchi 3.7 uliorusha risasi ya kilo 12 na ushei mpaka juu sana mawinguni. Risasi kwenda juu kiasi hicho si mchezo, inachukua muda. Tuseme sekunde 20. Ndege ya meta 100 kwa sekunde ikiwa juu ya Makupa, mpigaji analenga kilometa 2 mbele, yaani karibu na Majengo. Lakini ikiwa ni jeti, analenga kilometa 5 mbele. Ndege iko juu ya Makupa na yeye anapiga Mama Ngina! Na katika sekunde hizo zote rubani akipinda kidogo tu, risasi inapasuka pasipo na mtu.

Nilipomwonyesha Baba hesabu hii alisema, "Kwa hivyo unapiga ramli." Nikamwambia ndiyo Baba, lakini ramli yenye mashine. Kwa sababu wahandisi hawakukaa tu. Walileta rada, ambayo inaiona ndege usiku na mawinguni. Wakaunganisha rada na mashine ya kupiga hesabu, ambayo inatafuta yenyewe ile nafasi tupu ya mbele na kuugeuza mzinga. Na cha ajabu kuliko vyote, Wamarekani walitia redio ndogo ndani ya pua ya risasi yenyewe. Redio hiyo inatuma mawimbi, na risasi ikipita karibu na ndege, mawimbi yanarudi na risasi inapasuka bila kuigusa. Kabla ya hapo mtu alikuwa anakadiria sekunde na kuitegesha risasi kama saa ya kengele. Fikiria redio inayostahimili kufyatuliwa kutoka mtutuni! Manowari zao zilianza kuitumia vitani Januari 1943.

Hata hivyo jeti ziliendelea kupanda juu na kuongeza kasi. Mwaka 1955 Uingereza ilivunja kabisa kikosi chake kikuu cha mizinga ya kulinda anga nyumbani kwao. Wengi waliamini zamani za mzinga zimekwisha na zama za kombora zimefika. Kombora halipigi ramli, linaweza kugeuza njia likiwa hewani. Tarehe 1 Mei 1960 Warusi waliitungua kwa kombora ndege ya kipelelezi ya Kimarekani, U-2, iliyokuwa inapita juu mno ambako hakuna mzinga uliofika. Rubani wake, Gary Powers, alishikwa akiwa hai.

Hapa, msomaji, ndipo mambo yanapogeuka, na hapa ndipo nilipofurahi mimi. Marubani walipoona juu kuna makombora, walifanya nini? Walishuka. Waliruka chini, karibu na miti, ili rada zisiwaone vizuri. Na waliposhuka wakaingia tena mikononi mwa mizinga! Katika vita vya Vietnam ndege nyingi zaidi za Marekani ziliangushwa na mizinga na bunduki kuliko zilizoangushwa na makombora. Mzee aliyestaafishwa akaitwa kazini.

Lakini mzee huyo hakurudi na nguo zake za zamani. Ile Bofors ilizaliwa upya, mtutu wake ukiwa mara 70 ya upana wa tundu, yaani 70 mara milimeta 40, ni meta 2.8. Risasi zikatoka kwa kasi kubwa zaidi, na idadi ikawa 240 kwa dakika, baadaye 300. Rudi kwenye kisiwa chetu uone. Risasi 300 kwa dakika ni 5 kwa sekunde, na kwa sekunde 20 ni 100. Kumbe kazi yote ile ya mabingwa wa Uswidi ilikuwa ni kurudi palepale walipokuwa kabla ya jeti!

Warusi walichukua njia nyingine. Wakatengeneza mzinga wa milimeta 57 unaoongozwa na rada. Kisha wakaja na wa milimeta 23, mitutu miwili, unaovutwa nyuma ya gari. Huu mitutu yote miwili pamoja inaweza kutema kama risasi 2,000 kwa dakika, na kila mtutu una sanduku la risasi 50. Piga hesabu mwenyewe: mtutu mmoja 1,000 kwa dakika, sanduku la 50 linakwisha kwa sekunde 3. Chafya tatu tu. Halafu wakaweka mitutu minne ya aina hiyo juu ya gari la deraya pamoja na rada yake, wakaiita Shilka. Nia yao haikuwa tena kuipata ndege kwa risasi moja iliyolengwa vyema. Walitaka kumwaga risasi nyingi mbele yake, ili ndege ipite ndani yake kama mtu anavyopita ndani ya mvua.

Mtu atauliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Yanatuhusu.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Kagera, Tanzania. Mwezi wa Oktoba ndege zake za MiG zilitupa mabomu Bukoba. Zikajaribu pia kulivunja daraja la Kyaka, zikashindwa. Mwishowe ilibidi daraja livunjwe kwa baruti iliyotegwa chini na watu. Unaona, basi, kwamba hata jeti ina shida na hesabu. Ukiwa na kasi ya meta 250 kwa sekunde, daraja nalo linakupita kama risasi.

Lakini lililonihuzunisha ni la Musoma. Watanzania walizileta ndege zao wenyewe upande ule, na walinzi wa anga wa Tanzania wakazitungua ndege 3 za nchi yao wakidhani ni za adui. Nilipolisoma hili niliwacheka, kisha nikarudi kwenye ile hesabu yangu nikanyamaza. Uganda ilikuwa na MiG za Kirusi. Tanzania ilikuwa na ndege za Kichina zilizoigwa kutoka kwa MiG hizo hizo. Umbo ni moja, mlio ni mmoja. Mpigaji ana sekunde chache tu, na jana yake jirani amepigwa bomu. Katika sekunde hizo atambue ni nani, alenge, apige. Mimi nikiwa barabara ya Digo natazama matatu inayokuja, sekunde tano hazinitoshi kusoma inakwenda wapi!

Tarehe 29 Machi 1979 Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma ndege kubwa ya Tu-22 yenye mwendo kushinda sauti, ikapige ghala la mafuta Mwanza. Ilikosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane chenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Mzinga haukuipata ndege, na ndege nayo haikuipata shabaha yake. Waliolipa ni swala.

Somalia ni hadithi nyingine. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, ile mizinga ya milimeta 23 ilifungwa juu ya magari ya pikapu. Ndege za kutungua hazikuwepo. Wakaulaza mtutu ukatazama mbele, wakapiga nyumba. Wengi waliokimbia walifika hapa Mombasa kwa majahazi, wakakaa kambi ya Utange na kwingineko. Jirani yetu mmoja hapa Mji wa Kale ni Mbarawa aliyekuja wakati huo akiwa msichana. Nilimwambia naandika juu ya mizinga ya ndege, akaniuliza, "Ya ndege? Sisi tulikuwa tunaijua ya watu." Sikupata la kumjibu, nikamsaidia kubeba ndoo.

Nimebakisha la kwetu wenyewe. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nyumbani linasemwa kila mwaka.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2002, mwezi wa Ramadhani. Asubuhi ndege ya abiria aina ya Boeing 757 ya shirika la Arkia iliondoka uwanja wa Moi ikielekea Tel Aviv, ikiwa na watu 271. Mara tu ilipopaa, watu waliokuwa wamejificha upande wa Changamwe waliirushia makombora mawili. Makombora hayo yalikuwa ya Kirusi, ya kubebwa begani, yanaitwa Strela. Nimelitafuta neno hilo. Kwa Kirusi maana yake ni mshale. Baada ya mizinga na rada na mashine zote za hesabu, mwanadamu amerudi kwenye mshale!

Mshale huu ulianza kutumiwa jeshini na Warusi mwaka 1968. Pamoja na bomba lake hauzidi sana kilo 15, mtu mmoja anaubeba. Hauhitaji rada wala askari kumi wa kusukuma. Puani una jicho linalohisi joto, na injini ya ndege ni moto mtupu. Unaielekezea ndege, jicho likishika joto unafyatua, na kombora linalifuata lenyewe. Ile nafasi tupu ya mbele, ambayo wapigaji mizinga waliitafuta miaka yote, jicho hili linaitafuta wakati likiwa safarini. Udhaifu wake ni umbali: linafika kama kilometa tatu na nusu tu. Kwa hiyo ndege iliyo juu haina wasiwasi nalo. Ndege inayopaa au kutua ndiyo iliyo hatarini, maana iko chini, imejaa mafuta na haiwezi kukwepa kama ndege ya vita.

Makombora yote mawili yalikosa. Ndege iliendelea na safari mpaka ikatua salama. Lakini asubuhi hiyo hiyo, kule Kikambala, gari lenye mabomu liliingizwa katika hoteli ya Paradise. Walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, mbali na wale washambuliaji. Baadhi ya hao Wakenya walikuwa wachezaji ngoma wa Kimijikenda waliokuja kuwalaki wageni. Hawa hakuna aliyewakosa.

Baba alikuwa mpishi katika hoteli nyingine ya ufuoni, ambayo sitaitaja. Alikuwa bado kijana hajaoa. Anasema wiki mbili baadaye vitanda vilikuwa vitupu, na Januari wakaambiwa wapumzike nyumbani mpaka waitwe. Mwaka 2003 mwezi wa Mei ndege za British Airways zikasimamishwa kuja Kenya kwa muda kwa kuogopa shambulio. Baba hakuitwa. Ndipo akaanza kuuza viazi karai na bajia pale barabarani, biashara ambayo ndiyo inayonilipia karo mpaka leo.

Nilimwuliza, "Lakini Baba, makombora si yalikosa?" Akasema, "Yalikosa ndege. Mimi yalinipata."

Mwalimu wa Fizikia aliniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu kwa hesabu, nami nawaachia wenzangu wa Kidato cha Nne. Mzinga wa Bofors unaonekana. Unavutwa na gari, una askari wake, una sare na mkubwa wa kuuliza "nani aliamuru?" Nchi inajua iko na mingapi na imeiweka wapi. Mshale wa kilo 15 unaingia katika gunia la makaa. Je, uwanja wa ndege uliozungukwa na Changamwe, Port Reitz na Mikindani, penye maelfu ya nyumba ndani ya zile kilometa tatu na nusu, utalindwaje? Mimi nilipendekeza rada. Mwalimu akacheka, akasema rada haioni mtu aliyeketi nyuma ya ukuta wa jirani. Mwenzangu yule wa Ngomeni akapendekeza ndege zote za abiria zifungwe mitambo ya kulidanganya jicho la joto kwa moto wa bandia au miale ya mwanga. Mitambo hiyo ipo, na Israeli imeifunga katika baadhi ya ndege zake za abiria, lakini bei yake ni kubwa mno kwa mashirika mengi. Mama, aliyekuwa anakatakata vitunguu akitusikiliza, akasema walinzi wa kweli ni majirani wanaojua nani amehamia nyumba gani na amebeba nini.

Tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Mwenye jibu bora alete kwa katibu wa chama, tulichape katika toleo lijalo.